Hatua Kumi na Mbili

Baba hakuwahi kukisifu kisima chake.
Aliinamia ndoo, akachota kwa kiganja,
akanywa, akajifuta ndevu:
"Haya hayana bili."
Bomba la Isevya lilipokauka wiki mbili
watu walipanga madumu langoni petu kabla ya adhana,
naye hakumtoza mtu hata senti.

Kwa hiyo Nyanzala wa zahanati alipokuja na kichupa,
kidogo kama cha dawa ya macho,
ndani yake kikaratasi cha rangi ya chai,
nilicheka.
"Jaza mpaka kwenye mstari. Usiguse mdomo wake.
Kiweke penye joto siku moja, mbili.
Kikigeuka cheusi, niite."

Kalunde alikifunga kwenye pindo la kanga
akalala nacho kama yai lililosuswa na kuku.
Alfajiri ya pili alinisukuma bega, hakusema kitu.
Cheusi tii,
kama tako la sufuria ya msibani.

Na maji kwenye glasi, pale pale mezani,
meupe pee. Maua ya kitambaa
niliyahesabu kupitia humo.

Nikakumbuka tumbo la Mayunga, Machi ile,
mtoto amelegea kama tambara la deki.
Tukalaumu furu, tukalaumu ntonga,
tukamlaumu bibi yake na uji wa jana.
Tukamnywesha maji mengi, apate nguvu.
Maji haya.

Hasira hujua njia ya kwa jirani.
Nikaenda kwa Kapela, choo chake nyuma ya minyaa,
nikapima hatua kwa sauti ili asikie:
arobaini na moja.
Kapela, mswaki mdomoni, akanitazama.
"Haya. Sasa hesabu za kwako."

Kumi na mbili.

Tena upande wa mwinuko.
Shimo nililochimba mwenyewe mwaka niliooa,
ardhi ngumu, sururu ikitoa cheche.
Baba alisimama na fimbo yake:
"Sogea mbele kidogo, mwanangu."
Nikasema hapa panatosha.
Hakurudia.

Miaka mitatu baadaye alilala Kitete siku tisa.
Homa ya matumbo, waliandika.
Sijui. Wala sitajua.
Hesabu hii sijamwonyesha mtu.

Nyanzala hakunipa pole, alinipa vidonge.
Kimoja kwa ndoo ya lita ishirini, funika, ngoja nusu saa.
Yakiwa na tope, yachuje kwanza
kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne.
Au chemsha mpaka yatokote, kama mkaa unakuruhusu
(gunia limepanda tena).
Au chupa angavu juu ya bati, kutwa nzima ya jua;
mawingu yakitanda, siku mbili.
Na choo, akasema akifunga mkoba, kihame.

Mama hataki vidonge.
"Yananuka wodi," anasukuma kikombe,
nami najua ni wodi ipi.
Anakunywa ya juu ya bati, yakishapoa,
analalamika yana ladha ya mchana,
anaomba mengine.

Kisima tumekiachia mchicha na kufua.
Madumu yakija langoni natoka mwenyewe kueleza,
na wengine huondoka wakiamini nimekuwa mchoyo,
siyo kama baba yangu.
Waache.

Jana Kalunde alilala na kichupa kingine,
cha maji ya ndoo, yenye dawa.
Leo asubuhi, rangi ya chai.
Tumekirudisha kwenye kanga. Usiku mmoja bado.

Nami nipo huku bondeni na sururu,
chini ya kisima, nyuma ya mihogo.
Hatua thelathini, Nyanzala alisema zinatosha.
Nimezihesabu mara mbili.
Nasogea mbele kidogo.